Hotuba Iliyokuja Mara Mbili

Kabla sijaenda kuposa, kazi yangu ilikuwa kuyasema maneno ya watu wengine kwa namna ambayo mashine isingeyatambua. Ukisikia hivyo utadhani nilikuwa jasusi. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Free Area tu, mwenye shati moja la maana, niliyeketi orofani juu ya duka la vitabu vya shule mjini Nakuru. Chumba chenyewe kilikuwa saiba, zile kompyuta za kukodi ambazo miaka hiyo zilikuwa kila kona, na mimi pale pembeni niligeuza makala za Kiingereza.

Duka na saiba vilikuwa vya mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Nakuru kama baba yake. Aliniita boss, na alifanya hivyo kwa sababu sote wawili tulijua boss ni nani. Mpwa wake alikuwa ng'ambo, na huko alikuwa na tovuti za kila aina: za mbwa, za mapazia, za bima, za nyasi za kukata. Tovuti zinataka makala, na mpwa hakutaka kuhangaika na makala mpya. Alitutumia moja, nasi tukamrudishia saba, zote zikisema jambo lile lile na hata moja isifanane na nyingine. Shida ilikuwa ni ile mitambo ya kutafuta. Mtu akitafuta habari za mapazia kwenye kompyuta, mtambo unampangia kurasa, na ukikuta ukurasa uliokopiwa kutoka kwingine unautupa nyuma kabisa, huko ambako hakuna mtu hufika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hatutupwi.

Tulikuwa na programu ya kupima. Unabandika makala yao upande huu, yako upande ule, unabonyeza, unangoja. Nyekundu maana yake umeiba. Njano maana yake umeiba lakini una aibu kidogo. Kijani maana yake hongera, hakuna atakayejua.

"Makala ina wasomaji wawili," mzee aliniambia siku niliyoanza kazi. "Mashine na mtu. Mashine ndiyo inafika kwanza, kwa hivyo hiyo ndiyo mgeni wa kuandaliwa kiti. Mtu akifika, tutaona."

"Na mtu anafika lini?"

"Wewe boss, andika."

Nikaandika. Sentensi iliyoanzia mbele nikaianzia nyuma. "Haraka" ikawa "bila kuchelewa", na makala iliyofuata ikarudi kuwa haraka. Mbwa alikuwa mbwa kwenye makala ya kwanza, rafiki wa miguu minne kwenye ya pili, na kufikia ya saba alikuwa mkaazi wa nyumba mwenye manyoya, na anaogeshwa vile vile. Kuna wiki niliandika jinsi ya kuondoa theluji kwenye njia ya gari. Theluji niliyoijua mimi ni ile ya kukwangua kwenye friji ya bucha. Niligeuza mara saba, na zote saba zikawa kijani, ingawa katika ile ya mwisho nilishauri watu waanze mapema kabla jua halijawa kali.

Hiyo ya theluji niliipiga chapa nikampelekea msichana wangu, ajionee nilivyokuwa nimeiva. Alikuwa mwalimu wa nasari hapo hapo Free Area, upande wa pili wa barabara yetu, na mimi nilimwita mwalimu hata tulipokuwa wawili. Aliisoma akiwa amesimama, na huku kidole kikifuata mistari kama anasahihisha.

"Hii kitu hujawahi kuishika," akasema.

"Umejuaje?"

"Watoto wangu wakichora ng'ombe, najua ni nani kwao kuna ng'ombe. Wako ana miguu yote upande mmoja."

"Lakini mashine imesema kijani."

"Basi muoe mashine."

Alikuwa hivyo. Ukimpelekea sifa anakurudishia kazi ya nyumbani. Nilicheka, nikakunja karatasi yangu, na sikumwambia kwamba imeniuma kidogo. Iliniuma kwa sababu nilitaka asome kama mtambo, aone maneno yamebadilika, anipe kijani tuendelee na mambo mengine. Yeye alitaka kusoma kitu ambacho mtu amekigusa. Nilimwona ana masharti mengi kuliko mpwa wa ng'ambo.

Lazima niseme tulivyokutana, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia. Mwaka wa 2006 dada yake mkubwa alikuwa anaposwa, na upande wa bwana harusi walikuja saiba kwetu kuchapiwa hotuba ya msemaji wao. Kwetu huku, iwe ni Elburgon, Njoro au Molo, wageni wa kuposa hawaingii tu na kusema tumekuja kwa sababu ya binti yenu. Huo ni utovu wa adabu. Lazima mzungukezunguke. Msemaji wenu anasimama na kusema tulipita hapa nje tukaona ua zuri, au mbuzi wetu amepotea tukafuata nyayo hadi kwenu, na wenyeji wanajifanya hawaelewi, wanauliza ni ua gani, mbona hapa tuna maua mengi, na watu wanacheka, na chai inakuja. Kila mtu anajua kinachoendelea, na hakuna anayeruhusiwa kusema anajua.

Nilikuwa nimechapa maua mengi sana. Lakini ua la hawa jamaa lilikuwa zuri. Msemaji wao alikuwa amesema: tumeona ua katika bustani yenu, hatuwezi kulala kabla ya kujua mwenyewe ni nani, mkitupa, tutalitunza, jua kali halitaligusa, na mvua kubwa ikija tutalifunika kwa makoti yetu. Dada mtu alikuja kuangalia kama majina yameandikwa sawa, akaja na mdogo wake, na mdogo wake akasimama nyuma ya kiti changu akauliza, "Hii ua mbona kila harusi ni moja?" Nikageuka. Sikuwahi kugeuka tena upande mwingine.

Wakanialika, maana aliyechapa hakosi sahani. Nikaenda Elburgon, nyumbani kwa mama yao, nikakaa nyuma kabisa karibu na kreti za soda, na nikaona kwa macho yangu msemaji alipofika pale pa makoti. Mama yao alikuwa mjane. Baba alikuwa amefariki wasichana wakiwa shule, na mama ndiye aliyewalea kwa kitalu chake cha miche kando ya barabara, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa lake, hata kama shemeji zake walikuwa wamekaa mbele na kofia zao. Aliposikia hilo la makoti alichukua pembe ya leso akafuta macho. Nikaliweka moyoni. Nikasema, hii imeingia.

Kisha ikaja ile Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, ambayo mtu yeyote wa Nakuru ukimtajia anainamisha kichwa, na mimi sitairudia hapa. Barabara zilifungwa, saiba ikafungwa, moshi ukaonekana upande huu na ule. Huko ng'ambo mpwa hakuwa na habari. Nilipokuja kufungua barua pepe zake nilikuta anauliza makala zangu ziko wapi, za rangi za mapazia zinazoleta utulivu nyumbani. Mume wa yule dada na mkewe hawakuwa na lugha moja ya mama, kama ambavyo mimi na mwalimu hatukuwa nayo, na kabla ya Januari hiyo hakuna aliyeona ni jambo la kuzungumzia. Asubuhi moja mume alisema anaenda kuangalia watu wake wanaendeleaje. Akavaa koti lake akaenda. Alipiga simu mara moja, kisha namba ikawa haipatikani. Dada akarudi Elburgon kwa mama yake na mtoto mgongoni.

Mimi siku hizo nilikuwa Free Area, na nina hadithi yangu ndogo ya siku hizo, ambayo si ya kujivunia, na nitaifikia.

Agosti shule zilipofungwa, mwalimu aliniambia, "Mama amekubali mje."

Nikaruka kwenye kiti.

"Kaa chini. Amekubali kuwasikiliza. Sijasema amekubali." Kisha akanieleza bila kuzunguka. Tangu dada yake arudi, mama yao alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayetoka pale kwa sababu ya maneno ya mtu. Na yeye mwalimu, kama mama atasema hapana, hatatoroka. Alisema ananipenda, lakini mama yake alishaachiwa majonzi ya kutosha na hangemuongezea mengine. "Kwa hivyo mkija," akasema, "mje vizuri."

Nilielewa. Mchana mmoja tu, katika sebule moja ya Elburgon, na mimi ama nina mke au sina. Wala nisingeweza kusema neno, kwa sababu kijana anayeposa hukaa kimya kama mzigo ulioletwa, na msemaji wake ndiye huongea. Msemaji wangu angekuwa baba mdogo, ndugu wa baba yangu, aliyekuwa dereva kule Olkaria kwenye visima vya mvuke. Baba mdogo alikuwa na sauti ya kujaza kanisa. Kitu ambacho hakuwa nacho ni maneno. Alinipigia simu akaniambia, "Wewe si ndio mwandishi, niandikie, mimi nitapiga."

Mtu mwingine angekaa chini atafute maneno mapya. Mimi nilikuwa fundi, na fundi hatupi kitu kilichofanya kazi. Katika kompyuta ile hakukuwahi kufutwa chochote, kwa sababu mzee aliamini kila kitu kitapata mteja siku moja. Nikaifungua ile hotuba ya makoti. Nilijiambia kwamba maneno hayana kosa, kosa ni la aliyeyasema. Nilijiambia kwamba mama huyu huyu aliyapenda, kwa hivyo sina haja ya kubahatisha. Tena hatayatambua, kwa sababu kufanya yasitambulike ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha. Ukinisikia hivyo unaona nilikuwa nimefikiria. Ndiyo, nilikuwa nimefikiria, na huo ndio ubaya wake.

Nikaanza. Ua likawa mche, maana mama ana kitalu cha miche, na hapo nilijipongeza hasa. Bustani ikawa shamba. "Hatuwezi kulala" ikawa "usingizi umetukimbia". Jua kali likawa joto la mchana, mvua kubwa ikawa dhoruba, na makoti yakawa mavazi yetu. Nikabandika ya zamani upande huu, mpya upande ule, nikabonyeza. Kijani. Sio kijani cha wasiwasi, kijani kabisa. Mzee alikuja akainama juu ya bega langu, akaona rangi, akasoma mistari miwili.

"Safi," akasema. "Hii hata mimi ningekupa binti."

Alikuwa na wavulana watupu.

Siku yenyewe tulipanda na pikapu ya baba mdogo, yeye akiendesha na huku akiimba hotuba. Neno "dhoruba" lilimpendeza sana. Alilisema tukipita Njoro, akalisema tena tukiingia penye harufu ya mbao, na kufikia mahali ambapo misumeno ya kupasua magogo inasikika alikuwa ameongeza mkono wa kuonyesha dhoruba inavyokuja. Mawingu yenyewe yalikuwa yamekaa chini juu ya msitu wa Mau, na nilikuwa nimevaa lile shati langu la maana bila sweta, kwa sababu sweta lilikuwa linalifunika.

Sebule ilikuwa imejaa. Viti vilikuwa na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, shemeji za mama walikuwa mbele, akina mama wa kanisa ukutani, na mama mwenyewe karibu na mlango wa jikoni, leso begani, mikono juu ya magoti. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Mwalimu hakuwepo, maana msichana huwekwa ndani na wenzake mpaka aitwe, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo na nilijua ni nani yuko nyuma yake. Tukasali, tukasalimiana, tukanywa chai. Baba mdogo akavaa miwani, akasimama, akakunjua karatasi.

"Katika safari zetu," akaanza, na vikombe vikatulia, "macho yetu yametua juu ya mche wa kupendeza ndani ya shamba lenu."

Shemeji mmoja akajibu inavyotakiwa, "Mche gani? Hapa tuna miche mingi, hata ya kuuza," na watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa.

"Usingizi umetukimbia," baba mdogo akaendelea, "hadi tumjue mmiliki. Nasi tukikubaliwa, tutauhifadhi. Joto la mchana halitaufikia. Na dhoruba," akainua mkono, "na dhoruba ikitokea—"

"Mtaufunika kwa makoti," mama akasema.

Alisema polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kumaliza kusoma. Baba mdogo akaangalia karatasi. Akaangalia tena.

"Hapa wameandika mavazi, mama," akasema kwa heshima.

"Mwaka juzi yalikuwa makoti. Na ilikuwa ua, sio mche. Na baada ya hapo utasema kwenu hakuna mtoto wa mtu, kila anayeingia ni wa kuzaliwa."

Baba mdogo aligeuza ukurasa. Akasoma kimya. Kisha akavua miwani akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa vile tangu nilipovunja dirisha la shule ya Jumapili.

"Hayo maneno nayajua," mama akasema. "Yalikuja hapa, yakala kwa hii meza. Nikayashindilia soda. Mvua ikakuja Januari." Akairekebisha leso begani. "Koti alivaa mwenyewe."

Kule jikoni kitu kilianguka kwenye karai. Alikuwa dada mtu, nilikuja kujua baadaye. Mimi nilikuwa natazama vidole vya viatu vyangu na kuona aibu ambayo sijui nitaieleza vipi. Ilikuwa imenijia waziwazi, mahali pabaya pa kujiwa na akili, kwamba mtu amefika. Yule msomaji wa pili ambaye mzee alisema tutaona akifika, ndiye huyu, amekaa hapa na leso, na wala hakuwa amesoma maneno. Maneno nilikuwa nimeyabadilisha yote. Alikuwa amesoma kile kilichokuwa chini ya maneno, na huko hakukuwa na kitu changu hata kimoja.

"Kijana aseme mwenyewe," mama akasema. "Bila karatasi."

Baba mdogo akajaribu kuniokoa. "Mama, kwa desturi kijana haongei siku kama hii."

"Kwa desturi wanaongea vizuri sana," mama akasema. "Mimi nimechoka na desturi."

Nikasimama. Nilikuwa nimegeuza makala nyingi kuliko mtu yeyote katika Bonde la Ufa, na sikuwa na sentensi moja. Kila iliyokuja kichwani niliisikia ni ya mtu fulani. Nitamtunza, ya mtu. Nitampenda daima, ya watu wote. Mahali pekee ambapo sikusikia sauti ya mtu mwingine palikuwa ni pale penye ile hadithi ndogo niliyosema si ya kujivunia, basi nikaingia hapo kwa kukosa pengine pa kuingia.

"Mama," nikasema, "mimi mvua ikija sijui nitafanya nini. Januari niliogopa. Nilikaa ndani nikafunga mlango nikaweka meza nyuma yake. Nilivuka barabara kwenda kwa mwalimu kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na chumvi."

Mtu mmoja wa kanisa akakohoa.

"Sikuenda kumwokoa. Nilienda kuomba chumvi. Nikakuta akina mama wa ile ploti anakopanga wote wamekusanyika wanapika sufuria moja, na yeye yuko pamoja nao, na wengine walikuwa wa kwenu na wengine wa kwetu. Akanipa chumvi. Nikaogopa kurudi. Nikakaa. Wakasema huyu hawezi kukaa bure, wakanipa viazi nimenye, na nikamenya viazi mpaka barabara zikafunguliwa. Hiyo tu ndiyo nilifanya. Yeye alinigombeza kila siku kwamba naacha nusu ya kiazi kwa ganda."

Nikaketi, kwa sababu hakukuwa na mwisho mwingine. Nilijua nimejimaliza. Nani anaenda kuposa na kusema aliogopa, tena mbele ya shemeji wenye kofia? Baba mdogo alikuwa ameifunga miwani ndani ya karatasi ya hotuba, tayari kwa safari.

Mama aligeuza kichwa kuelekea jikoni, bila kuinua sauti. "Ni ukweli?"

Mlango haukufunguka. Sauti ya mwalimu ikatoka nyuma yake. "Ni ukweli. Na bado anamenya vibaya."

Hapo sebule ilicheka, kicheko cha kweli, hata yule shemeji wa miche. Mama hakucheka, lakini mikono yake iliondoka kwenye magoti. Akaniangalia kwa muda, akaniuliza, "Chumvi ulirudisha?"

"Bado, mama."

"Nilijua tu," akasema, akainuka, na akaenda kuagiza chakula kiletwe.

Hakusema ndiyo. Tulikula kuku na chapati na viazi ambavyo kila mtu alivitazama kisha akanitazama mimi, na shemeji wakazungumza na baba mdogo habari za mvuke wa Olkaria, kama kweli unatoka ardhini wenyewe, na hakuna aliyetaja mche wala ua. Mwalimu alipita na birika akanimiminia chai na hakunitazama, ila alijaza kikombe hadi kikamwagika kwenye kisosi. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Nilikula bila kujua ninachokula, nikihesabu tu kwamba nikifika mlangoni bila kuitwa tena, basi yamekwisha.

Nikafika mlangoni. Baba mdogo alikuwa ameshawasha pikapu, na kiti cha mbele alikuwa amempa mama mmoja wa kanisa aliyeomba lifti hadi mjini, kwa hivyo mimi ningepanda nyuma, na shati langu la maana. Nikainama kuvua viatu visiingie tope. Mama akatoka nyuma yangu, amebeba koti. Lilikuwa la sufu nzito, la kizamani, na vifungo viwili havikufanana na vingine.

"La baba yao," akasema. "Vaa."

"Mama, litalowa."

"Koti ni ya kulowa." Akanisaidia mkono wa kushoto. Dada mtu alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni na mtoto wake, anatuangalia. Mama alifunga kifungo cha juu, akakivuta kuona kama kimeshika. "Hilo koti sitaki litumwe na mtu," akasema. "Ukirudisha, rudisha wewe. Ukikosa kurudisha, nitakuwa nimepoteza koti tu."

Nilitaka kumjibu vizuri. Nikapata neno moja, "Ndiyo mama," na yeye akasema baba mdogo ananingoja.

Mvua ilinyesha hadi Njoro, na mimi nimekaa nyuma ya pikapu ndani ya koti la mtu ambaye sikuwahi kumwona, mikono ndani ya mikono yake, nikinuka sufu na moshi wa jiko la Elburgon. Jumatatu mzee wa saiba aliniuliza kama hotuba ilikubaliwa. Nikamwambia yule msomaji wa pili amefika. Akatikisa kichwa, akaniuliza, "Na sasa?" nikasema sasa naomba ruhusa ya Jumamosi.

Wiki ile ilikuwa ya baridi, hakukuwa na jua Free Area, na koti la sufu likishalowa halina haraka. Nililianika kwenye kamba, nikalileta ndani, nikaliweka karibu na jiko, nikalirudisha kwenye kamba. Jirani aliniambia nivute subira hadi wiki nyingine, nilirudishe limekauka na kupigwa pasi, kama mtu mwenye adabu. Alikuwa na haki kabisa.

Nilishuka Elburgon Jumamosi asubuhi nimelibeba mkononi, na pakiti ya chumvi mfukoni. Mama alikuwa kwenye kitalu chake. Alilipokea, akalipapasa begani, akaona bado ni bichi. Akaniambia niingie ndani, kuna viazi.